Nusu ya Kichwa

Mama Pacha hakuwa na nia mbaya, hilo tulijue mapema. Simu ililia asubuhi wakati maji yanachemka jikoni, pacha mmoja anatafuta kiatu na mwenziwe ndiye aliyekificha. Mumewe yuko chumbani, kajigubika shuka mpaka utosini, ndoo ya kutapikia iko pembeni ya kitanda. Akaipokea simu kwa kuibana kati ya bega na sikio. Aliyepiga alikuwa kinyozi mwenza wa mumewe, mtu wa maneno mengi ambaye dukani kwao wanamwita Redio.

"Shemeji, huyo bwana yuko wapi? Wateja wake wananikodolea macho hapa."

"Leo haji, shemeji. Kichwa chake hakiko sawa."

"Hakiko sawa vipi?"

"Hakiko sawa tu, tangu jana. Hataki mwanga, hataki mtu amsemeshe. Ngoja kwanza, maji yananimwagikia."

Akakata simu, akaenda kuokoa maji yake. Hakujua kwamba ameshaharibu.

Maana ukimwambia mtu tumbo haliko sawa, atakupa pole. Ukimwambia mguu hauko sawa, atakuuliza umejikwaa wapi. Lakini kichwa, jamani, kichwa kikiwa hakiko sawa watu wanachukua maana moja ya haraka na hawangoji ya pili. Redio aliiweka simu mfukoni, akaligeukia benchi la wateja na kutangaza, nusu mzaha nusu huruma, kwamba Mkono Laini amerukwa na akili. Na hakutia chumvi nyingi. Alisema tu alichodhani amekisikia.

Mkono Laini ndilo jina walilompa wateja. Wembe wake ulikuwa unapita shingoni usijue umepita, na wapo waliosinzia kitini hadi akawagusa bega kuwaamsha. Kazini kwao mapato huhesabiwa kwa vichwa: leo vichwa vimekuja, jana vichwa havikuonekana. Na mtu huyu aliyelishwa na vichwa vya watu, chake mwenyewe kilikuwa kinamtesa miaka na miaka, na dukani hakuna aliyejua.

Hawakujua kwa sababu aliapa wasijue. Kinyozi anauza mkono uliotulia. Nani atampa koo lake mtu ambaye kichwa kinamgonga? Basi siku kilipombana alisema ni tumbo. Kilipombana tena, alisema msiba. Kwa hesabu ya dukani, alishazika wajomba wengi kuliko mama yake alivyokuwa na kaka.

Kuficha nako kulikuwa kazi kuliko kunyoa. Akiamka asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, alikisikiliza kichwa. Kinauma? Hakiumi. Mbona hakiumi, kinangoja nini? Ukope ukimcheza kidogo tu, moyo unaruka, shingo inakaza, meno yanabanana, na vidonge vinashuka bila maji. Alimeza kilipouma, akameza pia kilipokuwa hakiumi, kisije kikauma. Mkewe alikuwa akizikuta karatasi za vidonge katika kila mfuko wa kila shati, anazitupa na kunyamaza.

Na kabla ya ile simu kulikuwa na jambo jingine. Siku chache nyuma alikuwa anamnyoa ndevu mwalimu mstaafu, mteja wake wa siku nyingi. Wembe ukiwa chini ya kidevu, ukatokea ule mng'aro anaoujua: nyota ndogo, halafu mstari wa mapembe unaometameta, halafu kipande cha dunia kikaondoka. Sikio la mwalimu likapotea. Mkono Laini akasimama na wembe hewani, macho kwenye kioo, midomo inanong'ona: "Sasa hivi hapana, sasa hivi hapana." Mwalimu alimwona kwenye kioo na hakupumua.

"Vipi, bwana?"

"Nilikuwa nawaza kitu, mwalimu. Samahani."

Angesema kichwa kinaniuma, yangeisha palepale. Sasa Redio alipotangaza, mwalimu alikuwepo benchini, na aliyasimulia yote kama yalivyokuwa.

*

Mkono Laini aliporudi kazini uso ulikuwa umesinyaa, lakini kichwa kimetulia. Redio alimsalimu kwa sauti ya chini, sauti ambayo Redio hakuwahi kuwa nayo. Wateja benchini wakajisogeza, wakabanana upande wa kiti cha Redio.

"Karibu, karibu hapa," Mkono Laini akamwambia wa kwanza, akikikung'uta kiti chake kwa taulo.

"Hapana, wewe pumzika kwanza. Mimi namngoja huyu."

"Ana watu watano huyo."

"Sina haraka."

Mtu yule kila siku alikuwa na haraka. Baadaye akaingia mama na mwanawe, mtoto akapanda mwenyewe kwenye kiti cha Mkono Laini, maana alikizoea. Mama yake akamshusha kwa mkono mmoja. "Njoo huku, mwanangu, hapo kuna joto," akasema, huku anautabasamia ukuta. Mkono Laini akabaki ameshika kile kitambaa cha kumfunga mtoto shingoni. Akakikunja. Akakikunjua, akakikunja tena.

Akavuta droo yake. Wembe haumo.

"Redio, wembe wangu uko wapi?"

Redio alitazama dari. "Tajiri kauchukua. Amesema wewe kwa sasa utumie mashine."

"Kwa nini?"

"Ndugu yangu, usinitie matatani. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema."

"Alisema nini?"

"Kwamba kichwa chako... si unajua mwenyewe. Hakiko sawa."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi, watu wote walikuwa wanasikiliza, sentensi moja ingetosha. Lakini aliyezoea kuficha, ulimi wake unajua njia moja tu.

"Mimi mzima," akasema.

"Sawa," Redio akajibu kwa upole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Siku nzima alifagia nywele za vichwa vya mwenzake. Kufagia kulikuwa ni kujipa shughuli, hakuna aliyemtuma. Alasiri tajiri mwenye duka alipita. Alikuwa mtu wa adabu, na neno baya hakujua kulisema ila kwa maneno mazuri.

"Bwana, mimi na wewe hatujawahi kukosana."

"Hatujawahi, tajiri."

"Lakini kiti hakiwezi kukaa kitupu. Nakupa mpaka mwisho wa wiki. Kama hakuna mtu atakayekikalia kwa hiari yake, nitamweka mwingine. Usinielewe vibaya."

Alimwelewa vizuri sana. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuijua. Kile kiti ndicho kilichokuwa nyumba, shule ya pacha na sufuria jikoni, na zaidi ya hayo ndipo mahali pekee duniani alipokuwa Mkono Laini. Nje ya hapo alikuwa mtu wa kulala gizani na ndoo.

*

"Nilisema nini kibaya?" Mama Pacha aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imemlegea. "Kichwa chako kilikuwa sawa?"

"Ungesema tumbo."

"Tumbo! Baba Pacha, umeumwa tumbo mpaka Redio akaniuliza kama nakupikia mawe. Ningesema tumbo mpaka lini?"

"Sasa wanasema nina wazimu. Umefurahi?"

"Ningefurahi vipi? Nitakwenda mwenyewe niwaambie ni maumivu tu."

"Usithubutu. Kinyozi mgonjwa wa kichwa na kinyozi mwenye wazimu, kwao ni mamoja."

"Kwa hiyo bora wazimu?"

Kutoka sebuleni zilisikika sauti za pacha wanacheza, na wote wawili wakanyamaza kuwasikiliza, maana watoto wale walicheza kwa kunong'ona. Mama Pacha akasogeza pazia. Mmoja kalala sakafuni, uso umefunikwa kwa fulana. Mwingine kapiga magoti pembeni, kidole mdomoni.

"Shh," alisema aliyepiga magoti. "Usiwashe taa. Baba anakufa tena."

"Mimi nimechoka kuwa baba," alisema aliyelala. "Sasa wewe ufe."

Mkono Laini aligeukia ukuta. Mkewe aliona mabega yake yanatikisika, akajua analia. Mara moja mkewe akakiona kinachofuata: kulia kutamkaza shingo, shingo itapandisha kichwa, na kwamba mumewe anaogopa hata kulia. Kweli, akanyamaza ghafla, akapapasa mfuko wa shati.

"Kimeanza?" mkewe akamuuliza.

"Bado."

"Sasa unameza ya nini?"

*

Kesho yake mkewe alimburuta hadi zahanati. Mganga alikuwa mama wa makamo, kachoka, ana kalamu isiyoandika ambayo kila mara aliitikisa. Alimsikiliza bila kumkatiza, hata pale Mkono Laini alipozunguka zunguka, akasema ni kizunguzungu kidogo, ni uchovu, ni jua. Mama Pacha ndiye aliyemwaga mfuko wa karatasi tupu za vidonge mezani.

"Hizi zote ni za lini?" mganga aliuliza.

"Za wiki hii," alisema Mama Pacha.

Mganga akaiweka kalamu chini. "Baba, nikuulize. Hapa unameza dawa ya maumivu au dawa ya woga?"

Mkono Laini akaanza kuzikusanya zile karatasi.

"Ulicho nacho kinaitwa kipandauso. Si wazimu, si laana, si uvivu. Kinapanda chenyewe kikitaka. Lakini wewe unakiwekea ngazi. Unakingoja, unakaza shingo, hulali, unajificha, unameza kila siku. Dawa hizi zikizidi namna hii zenyewe zinaleta kuumwa kichwa. Ninataka uziache. Nitakupa nyingine, za kukizuia, lakini zinachukua muda kufanya kazi. Na kabla ya nafuu kitachachamaa kwanza, nakwambia mapema."

"Kichachamae?" Sauti yake ilipasuka. "Wiki hii?"

"Wiki hii, pengine na ijayo."

"Mama, wiki hii siwezi. Nipe japo cheti kinachosema sina wazimu."

"Cheti hicho hakipo," mganga alisema. "Hata mimi sina." Kisha akaona mzaha wake haukumchekesha mtu, akaongeza: "Kazini wanajua?"

"Hawajui."

"Huo ndio mzigo wa pili. Wa kwanza nimekuandikia dawa. Huo mwingine siuwezi."

Walitoka. Njiani Mkono Laini alikuwa anahesabu, si siku, bali yatakayompata: kitachachamaa, watamwona, kiti kitakwenda. Alijiona tayari yuko chini, kichwa kimepasuka, pacha wanazunguka na bakuli tupu. Maumivu yenyewe hayakuwepo bado, na tayari alikuwa ameteswa nayo yote.

*

Mganga hakukosea. Siku zilizofuata kichwa kilikuja asubuhi na kurudi jioni, na mtu mzima alijikaza kisabuni, akasimama karibu na kiti chake kitupu akipanga na kupangua machanuo. Hakumeza. Hilo alilifanya kwa ajili ya wale watoto waliochoka kuwa yeye. Lakini dukani bado alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha kila aliyeliona.

Siku ya mwisho ya ile wiki duka lilijaa. Redio alikuwa amenyoa tangu asubuhi, shati limemganda mgongoni. Mwalimu mstaafu alikuwepo benchini. Tajiri naye alikuja mapema kuliko kawaida, akakaa mlangoni. Hakuna aliyeuliza amefuata nini.

Akaingia Mama Pacha. Alisalimia wote, akapita katikati yao, akakalia kiti cha mumewe. Akafungua mtandio wake, akauweka mapajani. Nywele zake alikuwa ameshazifumua, zimejaa mpaka mabegani, na wanaomjua walijua anavyozitunza.

"Ninyoe," alisema. "Kipara."

"Mama Pacha, nenda nyumbani," mumewe alinong'ona.

"Mimi mteja. Nimekaa kwa hiari yangu, au tajiri unasemaje?"

Tajiri alikohoa. "Umekaa kwa hiari yako, mama."

"Basi mpe wembe wake. Mashine sitaki. Nataka watu waone wembe."

Tajiri aliwaangalia wateja, akaona anaangaliwa. Akautoa wembe mfukoni mwa koti. Kumbe siku zote hizo alikuwa anatembea nao, hata kuuacha dukani aliogopa.

Mkono Laini alifunga kitambaa shingoni mwa mkewe. Alizikata nywele za upande wa kulia kwa mkasi, zikadondoka vifungu vifungu, akapaka povu, akaingiza wembe. Mkono haukutetemeka. Duka lilibaki na sauti ya wembe tu. Ngozi ilianza kutokea, safi, bila mkwaruzo, na Mama Pacha alikuwa amefumba macho kama mtu anayebembelezwa. Benchini mtu mmoja akajisogeza kwa mbele. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Huyu bwana, jamani, mkono anao." Redio mwenyewe alisimamisha mashine ili aangalie. Tajiri akakunjua miguu yake. Mkono Laini akauhisi upepo unageuka, akahisi kiti kinarudi kwake, akaihisi furaha.

Akamaliza upande wa kulia. Akahamia kushoto, akazikata kidogo kwa mkasi juu ya sikio, akashika tena wembe, na hapo ndipo nyota ilipotokea.

Ilikuwa ndogo sana. Akapepesa macho. Ikabaki, ikaota mapembe, ikaanza kumeta. Shingo ikakaza yenyewe. Si sasa hivi. Sasa hivi hapana. Midomo ilitaka kusogea, akaibana.

Mkewe alifumbua macho, akamtazama kupitia kioo.

"Kimeanza?"

"Hapana," akamdanganya, wembe ukiwa juu ya kichwa chake.

Kisha sikio la Mama Pacha likapotea. Palikuwa na shavu, palikuwa na shingo, na katikati hapakuwa na kitu. Angeweza kuendelea. Alishawahi kuendelea hivyo, kwa kupapasa, kwa mazoea, kwenye shingo za watu waliosinzia kwa kumwamini, na hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja. Kiti kilikuwa kinarudi. Zimebaki dakika chache tu. Akaunyanyua wembe, akaupeleka pale ambapo sikio lilitakiwa kuwa, na vidole vyake vya kushoto vikaligusa. Lilikuwa la moto.

Akauweka wembe mezani.

"Kichwa kinaniuma," alisema.

"Nini?" Redio aliuliza.

"Naumwa kichwa. Kipandauso. Ni miaka sasa. Lile tumbo, wale wajomba, vyote ni hicho. Kikianza sioni vizuri. Sasa hivi sikio la mke wangu silioni. Siwezi kuendelea."

Mtu fulani alicheka kidogo, akaacha. Mwalimu mstaafu alisimama.

"Kumbe siku ile..."

"Siku ile sikuwa naliona la kwako, mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu alipeleka mkono sikioni, akalishika, akakaa polepole. Na benchi zima likaonekana linapiga hesabu: mimi alininyoa lini? Ukweli uliomwondolea wazimu ulikuwa umemletea kibaya zaidi. Mwenye wazimu angalau anaona anachokata.

Tajiri alikuja mpaka karibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma.

"Bwana, ungeniambia mapema tungepanga. Mashine tu, siku zako nzuri tu, tungetafuta njia. Sasa umesema mbele ya watu. Hofu ya wazimu ningeiondoa. Hii nitawaambia nini?"

"Huna la kuwaambia, tajiri."

"Mwingine anaanza kesho."

"Sawa."

Alishika mgongo wa kiti kile, maana maumivu sasa yalikuwa yameingia, nyuma ya jicho la kushoto, na tumbo limeanza kupanda. Yalikuwa makali vilevile. Lakini alishangaa kuona yako peke yake. Ile mbio ya ndani, ile ya wataniona, watajua, nitasema nini, haikuwepo. Ilikuwa imekwisha pamoja na kazi.

"Redio," tajiri aliita, "mmalizie mama nywele. Hawezi kutoka hivyo."

Redio alichukua mashine, akasogea kwa heshima. Mama Pacha akaweka kiganja juu ya upande wake wenye nywele.

"Asante, shemeji. Kichwa hiki ni cha mume wangu. Atakimalizia mwenyewe."

"Lini, shemeji? Kazi ndiyo hiyo imekwisha."

"Kikishatulia. Hata kama ni uani."

"Lakini watu nje huko..."

"Nimekusikia."

Akajifungua kitambaa, akajipangusa povu shingoni. Mumewe alikuwa ameziba macho kwa viganja viwili, maana mwanga wa mlangoni ulikuwa unamchoma. Mama Pacha akauchukua mtandio wake mapajani, akaukunja mara mbili, akamfunga machoni kwa fundo la nyuma, taratibu, asimkaze. Hakubaki na cha kujifunika. Akamshika kiwiko, wakatoka.

Jua lilikuwa la utosini. Upande wake mmoja uling'aa, upande mwingine nywele zilisimama ovyo, na bega limejaa vifungu vilivyokatwa. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni walisimama. Mtu aliyekuwa anaosha gari aliacha maji yatiririke. Watoto wa shule walianza kuwafuata kwa mbali, wakisukumana.

"Wanatuangalia?" Mkono Laini aliuliza chini ya mtandio.

"Wanatuangalia sana."

"Wanasema nini?"

"Hawajasema bado."

Alisimama, akainama pembeni ya njia, akatapika. Mama Pacha alimshika paji la uso mpaka alipomaliza, na wale watoto wakasogea karibu zaidi kuona. Alimfuta mdomo kwa ukingo wa gauni lake.

"Kinauma sana?"

"Kinauma sana," alisema. Hakuongeza neno la kukipunguza.

"Haya, twende. Mbele kuna mtaro, inua mguu."

Akauinua.